Mtoto wa Ng'ambo ya Ua

Karurumo,
6 Machi 1977

Dada yangu mpendwa Kiende,

Pokea salamu nyingi kama mvua tunayoingoja huku. U hali gani? Mama naye, goti limepata nafuu au bado baridi ya Kiirua inalichezea? Wanafunzi wako hawajambo? Sisi tunamshukuru Mungu. Mutugi ameota meno mawili na anayajaribu kwangu kila anaponyonya.

Kiende, nimefanya jambo, na tangu siku hiyo mume wangu Njura hanisemeshi ila kuomba chumvi.

Unaijua kesi yetu ya mpaka na jirani yetu Gichovi. Tangu kahawa ipande bei watu wamekuwa wakali. Kila mmoja analala akiwaza mti wa mwisho shambani ni wa nani. Na mke wake, Wanjira, ndiye aliyenisimamisha mtoni mbele ya wanawake akasema mume wangu alikosa wasichana Embu nzima mpaka akaenda kuokota Meru. Siku hiyo nilirudi nyumbani na mtungi mtupu.

Sasa Wanjira alijifungua msichana mwezi uliopita, na kabla hajapata nguvu akaanza kukohoa damu. Ni kifua kikuu. Amelazwa Embu, na daktari amesema mtoto asimkaribie mpaka apone. Gichovi anafanya kazi Siakago, huja Jumamosi tu. Mtoto ameachiwa mama yake Gichovi, yule mzee Ciakuthii.

Wakampa mtoto maziwa ya ng'ombe, akaharisha. Wakampa ya kopo, akatapika. Mimi nilikuwa napalilia maharagwe karibu na ua nikamsikia. Hakuwa akilia kama mtoto, alilia kama paka aliyefungiwa. Wewe hujazaa, lakini nikuambie: maziwa yangu yalitoka yenyewe. Yalilowesha blauzi mpaka kiunoni, na Mutugi amelala mgongoni hana habari. Nikasimama na jembe mkononi, nikakumbuka somo la Jumapili, Paulo akiwaambia Warumi kwamba adui yako akiwa na njaa umpe chakula. Nilikuwa nimeitikia Amina kwa sauti kubwa, tena nimeketi mbele.

Nikaweka jembe chini. Ua wetu ni wa miiba na hauna mlango, kwa hiyo nikazunguka kwa barabara. Ciakuthii alikuwa amesimama mlangoni.

"Unataka nini hapa?"

"Nipe mtoto."

"Umpeleke wapi?"

"Simpeleki popote, mama. Nitaketi hapa kwenye kigoda chako, ukiniangalia."

Akaitazama blauzi yangu. Naye amezaa, akaelewa. Kiende, yule mtoto alinyonya mpaka jasho likamtoka puani. Nyanya yake aligeukia ukuta, sijui alikuwa anafanya nini na uso wake.

Tangu hapo naenda asubuhi, mchana na jioni. Siku ya kwanza Njura aliniuliza, "Unamnyonyesha mtoto wa watu wanaotaka kutunyang'anya shamba, mimi nitasimama mbele ya wazee niseme nini?" Wewe ni mwalimu. Niambie, nimekosea?

Mdogo wako,
Cicily

*

Kiirua,
21 Machi 1977

Mdogo wangu Cicily,

Salamu zako zimefika na zimetupasha moto. Mimi mzima. Goti la Mama bado, lakini ulimi wake hauumwi popote. Viazi vimekubali mwaka huu. Busu Mutugi, umwambie mama yake mkubwa wa Kiirua amekataza kuuma.

Sitakuficha, barua yako ilinitia hofu. Huyo mtoto ni dhaifu. Mtoto dhaifu hufa, Cicily, hata mikononi mwa mama yake. Akifa mikononi mwako watasema umempaka kitu kwenye titi. Wewe ni Mmeru peke yako katikati yao, na mna kesi. Yesu mwenyewe alituambia tuwe na busara kama nyoka. Wapelekee kuni, wapelekee uji, lakini mtoto waachie wenyewe. Hayo ndiyo yangu.

Sasa sikia ya Mama. Nilimsomea barua yako akimenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka sufuria ikajaa, kisha akauliza, "Anakula nini?"

Nikamwambia, "Mama, swali si hilo. Swali ni kama aendelee."

"Hilo alishalijibu alipoweka jembe chini. Mimi nauliza anakula nini. Watoto wawili watammaliza."

Nikamkumbusha hatari. Akaweka kisu chini. "Kiende, neno la Mungu si la kukariri kama mtihani. Wewe na mimi tumesomewa likiwa kwenye karatasi. Cicily amesomewa likiwa na mdomo, na linalia. Ulitaka alijibu kwamba ana kesi?"

Basi nimeshindwa. Amekufungia maharagwe meusi ya njahi, unga wa wimbi na chupa ya samli. Ukila njahi maziwa hayatakauka. Mzigo unakuja na lori la Isaack, yule mfanyabiashara wa Meru mjini anayechukua viazi vyetu kupeleka Embu. Aliposikia ni chakula cha mama anayenyonyesha wawili alikataa nauli. Akasema kwao Waislamu, watoto walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu kabisa, hata kuoana hawawezi. Mama alifurahi sana kusikia hivyo. Sasa anamwita "mchungaji Isaack", naye Isaack anacheka mpaka anashika tumbo.

Usibishane na Njura. Mpikie vizuri, umwache afikiri.

Dada yako,
Kiende

*

Kiirua,
29 Mei 1977

Mdogo wangu Cicily,

Hamjambo? Nauliza nikimaanisha.

Nilikuandikia Pasaka, nikaandika tena mwanzo wa mwezi huu, sijaona jibu. Jana Isaack alipitia kwako akakuta mlango umefungwa. Mwanamke wa dukani akamwambia mtoto wa Mama Mutugi ni mgonjwa sana na amepelekwa hospitali. Mtoto yupi? Isaack hakukumbuka kuuliza.

Mama ameacha kula. Anaketi jikoni na mikono mapajani. Tafadhali andika, hata mstari mmoja, hata kwenye karatasi ya sukari. Na kama ni yule, na kama watu wanasema yale niliyokuambia watasema, jua kwamba una kwenu. Nitakuja mwenyewe nisimame nawe mbele ya mtu yeyote. Nilikupa busara ya nyoka wakati wewe ulikuwa na kazi ya mama, na moyo wangu haujatulia tangu hapo.

Dada yako,
Kiende

*

Karurumo,
9 Juni 1977

Dada yangu Kiende,

Watoto wote wawili wazima. Soma mstari huo kwanza, ukamwambie Mama, kisha urudi usome mengine.

Umeshamwambia? Haya, sasa salamu. Nakusalimu kwa furaha, dada, na kwa usingizi mwingi. Barua zako zilifika, lakini sikuwa na mkono uliobaki wa kushika kalamu.

Aliyeugua ni yule mdogo. Jina lake ni Ciakuthii, la nyanya yake, kama desturi. Manyunyu yalipoanza alishikwa na homa ya mapafu, akawa anavuta pumzi kama anayekwea mlima. Na maneno yakatokea hivyo hivyo ulivyosema. Kiwandani, tunakopeleka kahawa, mwanamke mmoja akasema, "Mmeru amemaliza kazi yake." Njura alikuwa kwenye foleni nyuma yake. Aliacha gunia letu pale pale akaja nyumbani mbio. Nilijua ataniambia, "Si nilikuambia?" Badala yake akachukua blanketi la Mutugi akasema, "Wafunge wote wawili. Twende." Alimbebea Ciakuthii mkubwa mzigo wake mpaka hospitali ya Runyenjes, yule mzee ambaye hajamwitikia salamu tangu kesi ianze.

Tulipewa kitanda kimoja, mimi na yule mzee. Mimi namshika wake, yeye anamshika wangu. Na nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Unaijua sehemu inayofuata katika ule mstari, kwamba ukimlisha adui unampalia makaa ya moto kichwani. Mimi nilikuwa naipenda sana sehemu hiyo. Nilikuwa namnyonyesha yule mtoto nikimwaza Wanjira, jinsi atakavyoona haya. Lakini pale, mbavu zake zikiingia na kutoka, niliomba kwa maneno yote ya Kimeru ninayoyajua, na katika maombi yale sikumkuta adui yeyote. Kulikuwa na mtoto tu, na mama yake mgonjwa mahali fulani hajui.

Jumamosi Gichovi akafika, vumbi la Siakago bado liko kwenye nyusi. Njiani walikuwa wamemjaza maneno. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Umempa mtoto wangu nini?"

Mama yake aliinuka na Mutugi mkononi. "Amempa alichonacho. Wewe umempa nini?"

Gichovi akatazama. Mama yake amembeba mtoto wa Njura, mimi nimembeba wake, na Njura mwenyewe yuko kwenye benchi anakoroma kama trekta. Akavua kofia. Akatoka, akarudi na chai na mandazi, akamwamsha Njura kwanza.

Si mwisho. Wiki iliyofuata, tukiwa tumerudi nyumbani, tulisikia panga likifanya kazi kwenye ua. Njura akatoka na lake.

"Unakata nini?"

"Nakata njia," akasema Gichovi. "Mama yangu amechoka kuzunguka kwa barabara na mtoto."

"Na kesi?"

"Kesi ni Jumatano. Tutaonana huko."

Njura akasimama kidogo, akaweka panga chini, akaanza kumwondolea ile miiba iliyokatwa. Jumatano walienda, wakabishana mbele ya wazee mpaka sauti zikawakauka. Jioni Ciakuthii akapita kwenye ile njia na mtoto mgongoni, akanikuta nimeshaketi namngoja.

Mwambie Mama njahi zilinisaidia kuliko dawa. Asante, dada. Na usijute yale uliyoandika, uliniogopea kwa sababu unanipenda.

Mdogo wako,
Cicily

*

Kiirua,
3 Julai 1977

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu za shukrani. Hatujambo kabisa. Mama alipiga vigelegele uani, na goti lake lile, mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameoa. Akawaambia hakuna aliyeoa, ila kuna mtoto Karurumo anapumua. Akapika chai ya wote.

Nami nilitubu ukali wangu nikiwa peke yangu darasani, nimeinamia madaftari ya watoto. Halafu Mungu akanipa furaha tu, bila kuniuliza sana.

Lakini niruhusu swali moja, si la hofu safari hii. Wanjira akirudi itakuwaje? Mtoto amekujua wewe. Na wewe, Cicily, najua jinsi ulivyokuwa ukilia ndama wa Baba wakiuzwa.

Dada yako,
Kiende

*

Karurumo,
16 Oktoba 1977

Dada yangu Kiende,

Salamu kwako na kwa Mama, na kwa mchungaji Isaack. Mvua za vuli zimeanza, na maharagwe yametoa majani mawili mawili. Mutugi anatembea, anaanguka, anajipigia makofi.

Swali lako nililiweka chini ya mto na nilikuwa nalilalia. Sasa limejibiwa.

Wanjira alirudi wiki mbili zilizopita. Daktari amethibitisha kwamba amepona na hawezi kumwambukiza mtu. Alikuja kwangu akipitia ile njia kwenye ua, amekonda, gauni linamzunguka mara mbili. Mtoto alikuwa mapajani mwangu. Wanjira akanyoosha mikono. Mtoto akapiga kelele, akauficha uso kifuani kwangu.

Kiende, nilifurahi. Kidogo tu, Mungu anisamehe. Kisha nikaiona ile mikono yake imebaki hewani, haijui irudi wapi.

Akasema, "Mwache tu. Amekujua wewe."

"Hapana," nikamwambia. "Keti."

Nikamketisha kwenye mkeka. Nikafungua leso yangu, ile ninayolala nayo na inayonuka maziwa na moshi na jasho langu, nikamfunga yeye begani. Nikamwekea mtoto mapajani, nikatoka nje. Alilia. Kiende, alilia na mimi nimesimama kwenye maharagwe nimeziba masikio. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Siku iliyofuata nikasikia kimya. Nikachungulia. Amelala kifuani kwa mama yake, ngumi imekamata ile leso, na Wanjira hathubutu hata kukohoa.

Nilienda nyuma ya jikoni nikakamua maziwa chini kwenye udongo, nikalia mpaka nikachoka. Njura alikuja akachutama kando yangu. Baadaye akasema, "Twende ndani, chai iko tayari." Aliipika mwenyewe, na ilikuwa na majani mengi mno, na niliinywa yote.

Sasa mtoto anakula ndizi za kupondwa na uji kwao. Asubuhi Wanjira humleta anyonye kwangu, naye hungoja hapo akinichambulia maharagwe. Juzi akaanza, "Yale maneno ya mtoni..." Akashindwa kumaliza. Nikamwambia maji ya siku hiyo yalishafika baharini, achambue maharagwe. Tukacheka, kisha hatukucheka, kisha tukacheka tena.

Wazee walisema mpaka upimwe upya. Mti fulani utakuwa wetu, mwingine wao. Njura na Gichovi walirudi pamoja wakibishana njia nzima.

Nashukuru, dada. Niliolewa huku nikiwa sina mtu hata wa kuniazima moto, na leo nikiugua kuna nyumba mbili zitakazopika. Nilidhani mimi ndiye niliyetoa. Nikitazama vizuri naona nimepewa zaidi. Mshukuruni Mungu pamoja nami.

Wanjira yuko hapa, ananiona nikiandika. Anaomba kalamu.

Mdogo wako,
Cicily

Kwa Kiende na Mama,

Hamjambo? Mimi ni Wanjira. Nimesoma kidogo, mtanisamehe mwandiko. Hospitalini kila mara niliuliza mtoto wangu anakula nini, na mume wangu alikuwa akisema tu anakula. Hakuniambia kwa nani, aliogopa nitakataa. Na ningekataa. Mungu alinifichia mpaka nikapona.

Mama, nasikia ulituma njahi. Mwanangu alizila kupitia kwa binti yako. Ana mashavu, mkimwona mtasema ni wa Kiirua. Krismasi tunataka kuja wote, mimi, Cicily na watoto, umshike mjukuu wako. Mimi sina wazazi, walikufa zamani. Nitafurahi kupata pa kusalimia.

Dada yenu wa Karurumo,
Wanjira