Gari Linanguruma, Mama Hasikiki

Kwako Bi Khorshed, mshauri wa ukurasa wa nyuma wa gazeti,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujamaliza kusoma, maana mke wangu ameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni mwanamume mtu mzima, naishi na mke wangu Perviz na mama yangu, Bi Dhunmai, na tuna gari la Kiingereza la mwaka 1954 ambalo marehemu baba aliliita Gulbai, na mwaka huu nimeamua kulirudisha lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani ili nilipeleke kwenye maonyesho ya magari ya kale, ambako waamuzi hawaangalii rangi tu, wanafunua hata zulia waone chini yake umetandika nini. Sasa miaka ya themanini baba alikuwa amejaza sponji chini ya zulia na nyuma ya dashibodi ili kuzuia joto na kelele za injini, na Bwana Minocher wa chama chetu cha magari, mtu ambaye akikohoa wote tunanyamaza, aliingiza kichwa ndani akasema, "Hoshang, hili ni godoro la hospitali. Gari la mwaka huo lilikuwa na juti jembamba, tabaka moja, basi." Nikang'oa sponji lote nikatandika juti jembamba, na tangu hapo, Bi Khorshed, kukaa ndani ya Gulbai ni kama kukaa ndani ya mashine ya kusaga nafaka, miguu inaungua, na mtu wa kiti cha nyuma unamwona midomo tu ikienda.

Na mtu wa kiti cha nyuma ni mama.

Kila Jumapili tunampeleka kwa shangazi, mtaa wa Bandra, na tangu nimwoe Perviz safari hiyo imekuwa ni hotuba ya mama, mara mchuzi wa dhansak wa Perviz dengu zake nyepesi, mara Perviz anaanika nguo upande wa roshani unaotazamwa na majirani, mara mkwe wa jirani yetu Bi Jeroo anajua kudarizi na wetu hajui hata kushona kifungo. Sasa hasikiki. Na Perviz, ambaye zamani alikuwa akiliita gari hilo mke mwenza, ghafla amekuwa mtetezi wa uasilia kumshinda Minocher. Nikilalamikia joto ananijibu, "Vumilia, hata baba yako aliungua hivyohivyo." Amejinunulia viatu vya soli nene. Kila tukisimama kwenye foleni anageuka nyuma, anatabasamu, anapaza sauti, "Kweli kabisa, Mama," kisha anarudi kwenye karanga zake.

Mama naye akawa analalamika tukifika. "Gari hili halikuwa hivi," akasema. "Siku ya harusi baba yako alininong'oneza jambo humu ndani na nililisikia." Nikamwuliza jambo gani, akaniambia nifunge mlango vizuri.

Basi wiki chache zilizopita nilikuwa nang'oa kiti cha nyuma nirekebishe springi, na chini yake, mahali ambapo baba hakufika na sponji lake, nikakuta kipande cha mkeka mzito wa juti uliolowekwa lami, matabaka mawili, mnene kama kipande cha mkate, bado umeshikwa na vibanio vya kiwandani. Ndio wenyewe wa asili. Minocher alikosea, mama alikuwa sahihi, na Gulbai alizaliwa mpole. Nikamwita Perviz, akautazama, akaufunika kwa gazeti.

"Mimi sijaona kitu," akasema. "Na wewe hujaona."

"Waamuzi je?"

"Waamuzi hawaendi Bandra kila Jumapili."

Nikakubali, maana kusema kweli na mimi masikio yangu yalikuwa yamepumzika. Ila Jumapili iliyopita, kwenye taa za barabarani za Mahim, Gulbai akazimika kwa joto, ghafla, na katika kile kimya sauti ya mama ikaendelea kwa nguvu, kama mtu anayeshindana na injini, "...maana nilipolazwa, wewe Perviz ndiye uliyenishika mkono usiku na mchana, hao wanangu wengine wapo Toronto wakanitumia maua."

Akajikatiza hapohapo. Perviz akabaki na karanga mdomoni.

Mama akauliza taratibu, "Kumbe mlikuwa mnanisikia siku zote?"

Perviz akajibu, "Kila neno, Mama."

"Basi mbona lile swali langu hujanijibu?"

Injini ikawaka. Tangu siku hiyo, Bi Khorshed, hakuna raha nyumbani, kila mlo mama anaweka kijiko chini na kumtazama Perviz, anangoja jibu, na sisi swali lenyewe hatulijui, na Perviz analia chumbani kwamba huenda alisifiwa miezi mizima yeye akila karanga tu. Fundi wa viti ananiuliza atandike juti lipi, maonyesho yamekaribia, na nikiweka ule mzito mama atasikika kwa yote, mazuri na ya dengu. Nifanye nini?

Wako Hoshang, Dadar, Mumbai. Tafadhali usichapishe jina.

* * *

Hoshang,

Umeniomba nifiche jina, lakini Dadar nzima gari linaloitwa Gulbai ni moja tu, kwa hiyo tusisumbuane.

Nakuonea huruma, kidogo. Mwanamume aliyekaa katikati ya wanawake wawili wenye ndimi namjua, nimeolewa naye. Lakini wewe ulipata dawa ya kelele ukaitumia kumzima mama yako, na ulipopata ukweli ukakubali ufunikwe kwa gazeti. Hilo sikusamehe.

Sasa sikiliza. Dhunmai nilikutana naye harusini juzi, akanisimulia mwenyewe, akicheka mpaka kastadi ikamwagika kwenye sari yangu. Alijua tangu Jumapili ya kwanza kwamba hamsikii. Akiwa na uhakika hasikiki, ndipo akaanza kumsifu Perviz, maneno ambayo ana kwa ana yangemkwama kooni. Gari lilipozimika aliona haya kuliko ninyi. Na swali, mwanangu, halipo. Mliposema mnasikia kila neno, akaamua kuwaonyesha. Hakunipa ruhusa ya kuyasema haya. Atakuja kunigombeza na nitampikia chai.

Kwa hiyo mwambie fundi aweke mkeka mzito, matabaka mawili, kama ulivyoukuta. Aukaushe vizuri juani kabla ya kutandika, la sivyo mtanuka lami mpaka mwakani. Ukuta wa bati ulio mbele ya miguu usiuache wazi. Kipande cha zamani mpelekee Minocher, mpe mkononi, na usitabasamu.

Perviz, wewe acha kulia. Nenda kwa mama mkwe wako leo, useme, "Mama, nilikudanganya, sikusikia hata moja." Usiongeze habari ya injini. Atakutukana, na katikati ya matusi utayasikia na yale mazuri.

Na Jumapili, Hoshang, mpe Perviz usukani, mama yako akae mbele. Wewe kaa nyuma, ufunge mdomo.