Tano na Arobaini

Auderghem, Jumanne

Nimeanguka tena ule mtihani wa Kiholanzi. Bon. Serikali ya huku imeniajiri nipige hesabu za takwimu, lakini mshahara unapandishwa na lugha ya pili. Kwenye kusikiliza, wakasema "vijfenveertig", yaani tano na arobaini. Nikaandika 54.

Mimi, mwenye doctorat ya hesabu!

Chef wangu wa ofisini kanifariji kwa huruma kabisa: "Takwimu zako hazina kasoro. Shida yako ni namba."

Jioni Maman akapiga simu kutoka Lubumbashi. "Mutoto yangu, ule mutihani ulikuwa wa nini?"

"Wa namba, maman."

"Ah, donc ulisha kupita!"

Nikamjibu ndiyo, kwa Kiholanzi. Neno hilo silikosei.