Vidonge vya Agapiti

Nachingwea,
9 Agosti 1958

Mdogo wangu Aurelia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Likunja, na kwamba ufuta mmekwisha kuupura. Mimi miguu imevimba na pumzi ni ya kuokoteza. Tangu Wazungu wa mradi wa karanga waondoke, nyumba za kambi yao ni tupu. Siku nzima simwoni mtu ila Marselina aletaye uji, naye ana haraka.

Wakumbuka mumeo, shemeji yangu Agapiti, alipoletwa hospitali ya kambi mwaka 1950 akiharisha damu. Nilikuwa msaidizi wa maabara pale, nikiotesha vijidudu vya wagonjwa kwenye sahani za kioo. Hata akiwa hoi alinitania, akaniita mpishi wa mavi, akauliza leo nimepika nini na kama nimeonja.

Sahani yake ya kwanza ilionyesha kwamba salfa, dawa aliyokuwa akipewa, inaviua vijidudu vya kuhara. Siku ya nne, vijidudu hivyohivyo vilimea juu ya salfa. Pamoja navyo kulikuwa na vijidudu vya kawaida vya tumboni, visivyodhuru mtu, ambavyo salfa haikuviweza tangu mwanzo. Nikachukua vile vya kuhara vya siku ya kwanza, nikavichanganya na hivi vya kawaida. Kesho yake vyote viliistahimili salfa. Vilikuwa vimepeana kitu cha kuishinda dawa, jirani kwa jirani, si mzazi kwa mtoto. Sikuwa na kitabu kilichosema hivyo.

Daktari alikuwa na dawa nyingine kabatini. Ilinipasa kumwambia abadilishe. Lakini maabarani kwetu, kitu kisichotarajiwa kwenye sahani kiliitwa uchafu, na mwezi uliotangulia mwenzangu Tadeo alifukuzwa kazi kwa uchafu. Nikazichemsha sahani, nikanyamaza. Baada ya siku tatu Agapiti akafa.

Daktari aliponiuliza kwa nini dawa imeshindwa, nilijibu kwamba mgonjwa alikuwa akivitema vidonge. Nawe ulikuwapo, ukasikia. Miaka minane umemkasirikia, hukumwombea hata Misa moja, na wanao umewaambia baba yao alijiua kwa ukaidi. Nami kila Krismasi nilikuja kwako, nikala, nikaondoka.

Alivimeza vyote, Aurelia. Kikombe nilimshikia mwenyewe. Cha mwisho kilimkwama kooni, akaomba maji zaidi ili asikipoteze.

Usinisamehe kwa sababu tu ninakufa. Waite Goreti na Saturnini, uwasomee haya yote, kisha mkamwombee baba yao. Wasalimu majirani wanaonikumbuka.

Ndimi kaka yako,
Ildefonsi