Mwenye Chakula Aonje Kwanza

Mikumi, Jumanne, tarehe 8 Julai

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakueleza yote bila kuficha, hata mabaya ya hawa wageni wanaotaka kutuasili mimi na mdogo wangu Pili na kutupeleka kwao Ulaya.

Bado siwaamini. Wakizungumza lugha yao hucheka, nami nikiwatazama hunyamaza. Leo mchana walitupeleka mgahawani, kando ya barabara kuu. Wali ulipofika, Pili akafumba mdomo. Mama Karini, yule mgeni wa kike, alimbembeleza mpaka akachoka. Ndipo Pili akasema kwa sauti, "Bibi kasema mwenye chakula aonje kwanza!"

Nilitamani kuingia chini ya meza. Mhudumu alicheka, "Huyu kafundwa huyu!" Akawaeleza wageni kwamba kwetu mwenyeji huonja ili mgeni asihofu sumu.

Nilidhani watakasirika. Mama Karini alichukua kijiko, akaonja wali wa Pili, kisha wangu. Mumewe naye akaonja mchuzi pamoja na pilipili nzima, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Pili akamwambia, "Pole, babu!" Hapo tukala.

Nilishiba, Bibi, lakini sijamaliza kuwachunguza. Ijumaa utaitwa ofisi ya ustawi wa jamii utie sahihi ya kukubali, kwa hiyo nijibu kabla ya siku hiyo. Usiache kutia dawa ya macho. Pili anakubusu mikono.

Mimi wameniahidi kwamba kila mwaka watatuleta Kilosa kukuona. Je, na wewe walikuambia hivyohivyo, au hawakulitaja kabisa?

Mjukuu wako,
Zuhura