Jina Lako Lilifutwa Jumatano

Mama Ciru wangu,

Kanisani kwetu hatusemi na wafu, na unajua vizuri nani alikuwa mstari wa mbele kuwakemea waliojaribu. Ni mimi mumeo, mzee wa kanisa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo usinicheke sana. Nimekaa kwenye kaunta ya duka, wateja ni wachache kwa kuwa watu wako mashambani wanavuna, na ninakuandikia nyuma ya kalenda ya kampuni ya mbegu. Sikutaka kuandika kwenye daftari. Madaftari yamenichosha.

Tulikuzika Jumamosi, mahindi yakiwa yanatoa ndevu. Jumatano yake nilienda kwenye maombi ya katikati ya wiki, kwanza kwa mazoea, halafu kwa sababu kimya cha nyumba kilikuwa hakikaliki. Unalikumbuka daftari lile la jalada jeusi, lenye majina ya wote tunaowaombea. Ulikuwa namba saba: "Dada Grace, tumbo." Dada Rael, katibu wa maombi, alichukua rula na kalamu nyekundu, akachora mstari juu ya jina lako. Aliponiona namtazama akasema, "Pole, Mzee. Ni utaratibu tu."

Ni utaratibu kweli, na aliyemfundisha ni mimi. Siku alipochaguliwa nilimwambia kwamba mtu akishaondoka, kazi yetu kwake imekwisha, na jina lake lisibaki kuwachanganya watu. Basi nikajibu amina pamoja na wengine, nikaenda nyumbani.

Shida ilikuja asubuhi. Unajua ninavyoomba: magoti kwenye lile zulia lililochanika, jina lako kwanza, halafu Ciru, halafu mdogo wake Nekesa, halafu dunia nzima. Miaka ishirini na sita nimeanza na wewe. Siku hiyo jina lako likatoka kabla sijalizuia, nikajiuma ulimi, na sala ikaishia hapo. Nikabaki nimepiga magoti kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Imekuwa hivyo karibu kila asubuhi tangu ulipoondoka. Kanisani bado naomba kwa sauti kubwa na watu wanabarikiwa, lakini nyumbani siwezi kuvuka jina la kwanza.

Nimekuwa nikirudi nyuma kutafuta tulikoanzia, na kila mara najikuta Malakisi, siku niliyokuja kwenu mara ya kwanza. Kijana Mkikuyu wa Kitale, ameokoka juzi, suti ya kuazima. Mama yako alitokea nyuma ya banda la kukaushia tumbaku, nami nikamwendea mkono umenyooka, "Bwana asifiwe, mama!" Akarudi nyuma hatua tatu, akaficha mikono ndani ya leso. Sikujua kwamba kwenu mkwe hamshiki mama mkwe mkono, na wewe hukunionya. Baadaye uliniambia ulitaka kuona uso wangu utakuwaje. Lakini mimi niliondoka pale nikiamini kwamba mama yule, Mkatoliki wa rozari, ameuchukia wokovu wangu. Karibu mwaka mzima niliamini hivyo. Ulipokuja kunieleza kwamba ni mila tu, na kwamba alikuwa amenisifu kwa jirani kuwa kijana ana haraka lakini ana moyo, nilikuwa nimeshaapa kukutoa kwenye kanisa lake.

Na nilikutoa. Unajua mimi na ubishi. Nilikubishia kuhusu sanamu, kuhusu Mariamu, kuhusu maji ya kunyunyiziwa utotoni, mpaka ukachoka. Tulikubatiza kwa maji mengi mtoni Nzoia, upande wa Moi's Bridge, na ulipoibuka ukikohoa uliniambia kwa sauti ya chini, "Baba, hii maji iko na matope. Mungu atanijua kweli?" Nilicheka hadi mchungaji akanitazama vibaya. Ndiye aliyesema kwamba Skolastika ni jina la mambo ya kale, uchague jipya. Ulichagua Grace. Ulisema ni sawa, ni fupi kwa kujaza fomu. Nilidhani umefurahi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimezunguka kama kawaida yangu.

Mama yako alipofariki, sisi wakwe tuliketi kwenye hema letu la kando, kama inavyotakiwa. Wanawake wa jumuiya walikuwa ndani na jeneza, na sauti zao zilitufikia, zikipanda na kushuka. Ulikuja ukasimama nyuma ya kiti changu.

"Baba Ciru, wanamwombea mama. Naomba nikae nao kidogo tu. Rozari moja."

"Mama Ciru, hiyo tulishaacha. Mama ako mbele ya Mungu. Maneno yetu haiongezi kitu."

"Najua. Lakini si ni mama?"

"Ni mama. Na wewe ni mke wa mzee wa kanisa."

Ukatazama viatu vyako. Ukasema, "Sawa." Nilikuona kutoka hemani ukienda jikoni, na muda wote dada zako walipokuwa wakisali, wewe ulikuwa nje unaosha sufuria. Uliosha hata zilizokuwa safi. Jioni nilikusifu kwa msimamo wako. Katika miaka minane iliyofuata hukuniomba tena jambo lolote la namna hiyo.

Nilikunyima kumwombea mama yako, na sasa mimi nashindwa kuacha kukuombea wewe. Nikilifikiria hilo nasikia aibu ambayo sikujua mtu wa umri wangu anaweza kuisikia.

Lakini kuna lingine, na hili hata watoto hawalijui. Ile alasiri ya mwisho pale hospitalini Eldoret, ulikuwa huongei tena. Mchungaji alikuwa upande wa pili wa kitanda, na wazee wawili mlangoni. Mkono wako wa kulia ukaanza kuinuka, polepole, ukielekea kwenye paji la uso. Nilidhani unataka kujikuna. Hapana, nisidanganye kwenye barua. Nilijua mkono ule unakwenda wapi. Ungegusa paji, ungeshuka kifuani, ungevuka bega hadi bega, kama mama yako alivyokufundisha ukiwa mdogo, na mchungaji angeona. Nikaudaka ukiwa hewani, nikaurudisha kwenye blanketi, nikaufunika kwa mikono yangu miwili na kuanza kuomba kwa sauti. Nilihisi ukivuta. Ulivuta mara mbili, halafu ukaacha. Mazishini watu walishuhudia jinsi Mzee alivyomshika mkewe mkono hadi mwisho, na mama mmoja akalia kwa jinsi lilivyomgusa. Nikainamisha kichwa wakafikiri ni unyenyekevu.

Nisamehe, Skola. Sijakuita hivyo tangu Nzoia.

Mwezi huu wa Novemba parokia moja ya hapa nje ya mji iliagiza dukani kwetu dawa ya kuhifadhi mahindi ghalani. Nilipeleka mwenyewe asubuhi na kukuta Misa haijaisha, nikasimama mlangoni kusubiri. Padre alikuwa anasoma majina. Sikuelewa ni ya nini mpaka niliposikia jina la fundi aliyetuchimbia kisima, yule aliyekufa Nekesa akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Nikajua hawa wote ni wafu. Watu waliokufa juzi na watu ambao hata wajukuu wao wana mvi, wanasomwa pamoja mbele za Mungu kana kwamba bado wana shida zao na bado wana wenyewe. Bibi mmoja kwenye benchi la mbele alitikisa kichwa kidogo jina fulani liliposomwa, kama mtu aliyesalimiwa. Majina yalikuwa mengi na hakuna aliyeyaharakisha. Nikalia pale mlangoni, katoni ya dawa mkononi, mimi niliyehubiri kwenye mazishi sijui mangapi kwamba kwa marehemu hatuna la kuomba.

Niliondoka na ile dawa bila kuikabidhi, kwa hiyo ikabidi nirudi kesho yake. Na kesho kutwa yake nikarudi tena. Mara ya nne katekista wao, Barasa, mzee mpole mwenye baiskeli, alinifuata kwenye pikapu.

"Mzee, sasa hii dawa utaleta mara ngapi bana?"

Nikajifanya natafuta funguo. Akaniangalia, halafu akatoa karatasi mfukoni. "Uko na marehemu wa kuandika? Andika jina ya ubatizo, kama uko nayo. Unaweka tu kwa kikapu pale mbele."

Karatasi hiyo imekaa kwenye shati langu siku kumi na mbili. Usifikiri nimeshindwa hoja zote. Mariamu bado simwelewi, na zile sanamu nikipita karibu nazo natembea upande. Lakini nikikaa benchi la nyuma hakuna anayeniita Mzee, hakuna anayengoja nishuhudie ushindi, na maneno yao yapo tayari, yananibeba pale yangu yanapokatika. Nimegundua kwamba nina njaa ya mahali ambapo naruhusiwa kuwa na huzuni.

Habari zimefika kwa Ciru kule Kanduyi, maana pikapu yangu inajulikana. Unajua yeye ndiye anayeongoza sifa kanisani kwao siku hizi. Alinipigia simu juzi.

"Dadi, ni ukweli unaenda kwa Wakatoliki?"

"Nimeenda."

"Ati unataka kumwombea Mum. Sasa Mum ako mbinguni ama hayuko?"

"Ako."

"Kama ako, unamwombea nini?"

Swali hilo ni langu. Nilimfundisha mimi mwenyewe, akiwa darasa la sita. Nikamwambia, "Sijui, Ciru. Nimezoea tu kumwombea." Akaanza kulia, akasema Mum angeona aibu, akakata simu. Tangu hapo hapokei nikimpigia. Sikumwambia kuhusu sufuria za Malakisi, wala kuhusu mkono. Angenielewa zaidi, lakini angekuwa amepoteza baba badala ya mzee wa kanisa, na sijui kama hilo ni bora.

Na wenzetu wa kanisa, sina neno baya juu yao. Jumamosi walikuja karibu ishirini kunivunia mahindi, Dada Rael akiwa mbele na panga. Niliwapikia ugali na sukuma wiki mwenyewe, chumvi ikazidi, wakala yote wakasema ni tamu. Wakiimba kule shambani nilisikia pengo la sauti yako. Hawa ndio waliokuuguza, waliokesha na sisi, waliokuchimbia kaburi. Nikiweka karatasi ile kwenye kikapu, Barasa ataisoma, na Kitale si kubwa hivyo. Jumapili wazee wataniita ofisini, na watakuwa wapole, nami najua watakayosema kwa sababu nimewahi kuyasema. Nitaondolewa uzee wa kanisa kwa maombi na machozi. Pengine Ciru hatakuja Krismasi.

Kesho ndiyo mwisho wa mwezi huu wao wa kuwaombea marehemu, na padre amesema ndiyo mara ya mwisho majina kusomwa. Kwa hiyo leo, kabla ya kukuandikia, nimeijaza.

Mstari wa kwanza nimeandika Perpetua Nekesa, mama yako, wajina wa Nekesa wetu. Ndiye uliyeniomba ruhusa ya kumwombea kwanza, na amengoja miaka minane kwa sababu ya mkwe wake mwenye haraka. Natumaini huko aliko anaweza kunipa mkono sasa, au kama mila bado zipo, arudi nyuma hatua zake tatu na anitazame tu, nitaridhika.

Mstari wa pili nimeandika Skolastika Nafula. Jina ni refu, limegusa ukingo wa karatasi, lakini limeenea.

Lala, mke wangu. Ciru nitaendelea kumpigia hadi apokee. Kaburi lako limeota nyasi nzuri, na Nekesa amepanda yale maua ya njano uliyoyaiba kwa jirani. Nami kesho asubuhi nitaiweka karatasi kikapuni, nisimame mlangoni kuwasikia wakikusoma. Watakapokufikia, kama upo karibu na mkono wako utataka kuinuka, uinue. Mikono yangu nitakuwa nimeitia mfukoni.

Mumeo,
Baba Ciru