Mkato wa Kusimama

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji je? Mimi mzima, ila mafua ya vumbi la masjala. Simu zangu hupokei, basi naandika.

Shangazi kaniambia una mimba ya miezi saba na umepanga kujifungulia kwa mkunga wa mtaani. Sikuingilii. Lakini tunaingiza mafaili ya zamani ya hospitali kwenye kompyuta, na juzi nimefungua lako, la miaka tisa iliyopita. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, kwa hiyo mfuko wa uzazi ulipasuliwa kwa mkato wa kusimama. Nimemuuliza daktari bila kutaja jina. Anasema mwenye kovu hilo hasubiri uchungu. Uchungu ukilivuta linaweza kuachia, damu ikamwagika ndani kwa ndani, akafa mama na mtoto.

Yaliyomo kwenye faili hayatoki masjala. Wakinifukuza, nitakuja kufagia nywele saluni kwako.

Dada yako

16 Machi

Dada,

Shikamoo. Hiyo ni adabu tu, usidhani tumepatana. Hatujambo, miguu ndiyo inavimba kwa kusimama na vichwa vya watu.

Kovu langu naliona kila nikioga, limelala kama mstari wa daftari. Huo mkato wa kusimama umetoka wapi? Mara ile nilizimia, ukatia saini nikatwe, nikazinduka mtoto keshazikwa. Safari hii nasukuma mwenyewe, macho wazi. Mkunga kazalisha nusu ya mtaa huu.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Waendeleaje? Nauliza kwa dhati.

Ngozi hukatwa kivyake na mfuko kivyake. Unaloliona bafuni ni la ngozi. Nimenakili ukurasa wenyewe, umo kwenye bahasha hii. Usiniamini mimi, mpe daktari yeyote asome.

Kuhusu saini: mtoto alikuwa ameshafariki tumboni. Aliyebaki wa kuokolewa ni wewe. Sikukwambia, kwa sababu ulihitaji mtu wa kumlaumu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Dada yako

14 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Ni wiki tatu kimya, na shangazi naye hana habari zako. Daktari anasema wiki ya thelathini na saba isikupite ukiwa nyumbani. Nijibu hata mstari mmoja, matusi pia napokea. Naogopa.

Dada yako

29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Tu wazima, sote watatu.

Ule ukurasa ulikaa wiki tatu kwenye droo ya vitana. Barua yako ya mwisho ilipofika nikampelekea daktari, nia yangu akucheke. Hakucheka. Alinilaza siku ileile, na Jumanne wakanipasua. Anasema kovu la ndani lilikuwa limebaki utando tu. Aliziona nywele za mtoto kupitia utando huo, kabla hajaukata. Saa moja ya uchungu ingetosha kutumaliza.

Ni wa kike, na kwa nywele alizonazo, nimeshapata mteja wa kudumu.

Yule wa kwanza mimi sikumwona, Dada. Wewe ndiye uliyembeba mpaka makaburini, na miaka yote hii sijathubutu kukuuliza alikuwaje. Njoo umtazame huyu, uniambie kama wanafanana.

Mdogo wako