Mke Asiyejibu

Mama,

Tangu tukuzike huku ugenini, nyumba hii ya Bordesley Green haipati joto hata hita ikiwaka. Baba analala kwenye kochi. Mimi nimerudi kuishi hapa ili nimwangalie mdogo wangu Shiro, na chuoni sijaenda.

Nakuandikia kwa sababu ya alichosema Baba kwenye mazishi.

Unakumbuka zile Jumapili baada ya kanisa, ukipiga pasi sare zako za kazi, nami nikikutafsiria masomo yangu? Vile vijitabu vya Hispania ya zamani, vya karatasi duni, vilivyouzwa barabarani na kusomwa kwa sauti watu wakicheka. Nilikwambia kwamba wake waliomo ni wa aina mbili tu. Kuna mbishi, ambaye mumewe humpiga mpaka anyamaze. Na kuna mwema, ambaye huvumilia kila kitu bila neno na kusifiwa mwishoni, mara nyingi akiwa ameshakufa. Ukaniuliza, "Na yule aliyechoka tu, hayumo?" Nikasema sijamwona. Ukasema, "Basi mtafute. Hawezi kukosa."

Nikaanza kumtafuta. Tasnifu yangu yote ilitokana na swali lako hilo.

Halafu Baba akasimama mbele ya kanisa, amevaa ile suti uliyomnunulia, akasema, "Miaka yote hiyo mke wangu hakuwahi kunijibu hata mara moja." Watu wakaitikia amina. Mchungaji akasema wasichana wetu waige mfano huo.

Mama, ulimjibu. Ulimjibu jikoni. Ulimjibu kwa simu ukiwa kwenye basi, ukitoka kuwaogesha wazee wa watu kule Harborne. Siku alipokutaka uache kazi kwa kuwa wenzake walikuwa wakimsema, nilikuwa kwenye ngazi nikakusikia: "Mimi si kiti humu ndani." Hukupaza sauti. Lakini ulisema.

Jumamosi nilimuuliza kwa upole kwa nini alisema vile. Hakukasirika. "Lakini ndivyo alivyokuwa," akasema. Nikamkumbusha maneno yako, moja baada ya jingine, hata hilo la kiti. Akanitazama kama namsimulia habari za mke wa jirani.

Hakuwa anadanganya, Mama. Hilo ndilo linaloniua. Hakuwahi kukusikia.

Mwalimu wangu ananiandikia kwa wema, anauliza sura ya tasnifu yangu imefika wapi. Sina la kumpa. Yule mke aliyechoka sijampata, na sasa nadhani ninajua sababu. Aliongea, tena sana. Ila waliokuwa wakiandika walikuwa waume.

Nimezisikiliza zile jumbe zako za sauti zilizobaki kwenye simu yangu, nikitafuta hata moja unayomjibu Baba. Nunua maziwa. Mfunge Shiro koti. Nimechelewa, msinisubiri. Hakuna nyingine.

Na jana Shiro, kwa Kiingereza chake kile, aliniambia kwamba wewe ulikuwa mpole, hukuwahi kubishana na mtu yeyote. Alisema hivyo kwa fahari. Nikashindwa kumkatalia, kwa sababu alikuwa akitabasamu, na hakuwa ametabasamu tangu ulipotutoka.

Lala salama, Mama. Nakuahidi nitamwambia ulivyokuwa. Lakini kila siku inayopita Baba anamsimulia habari zako, na mtoto anampenda baba yake.

Binti yako,
Wambui